Raifo Iliyoua Simba Mngeta

Nadhira alikuwa na wake wenza wanne, na wote walilala chumba cha uani, ndani ya kabati la chuma lenye makufuli mawili. Hawapiki, hawafui, hawazai. Kazi yao ni kusimama wima na kupakwa mafuta kila Ijumaa baada ya swala, na mpakaji ni mumewe, Abdul, muuza mabati na misumari wa pale Kibaoni, Ifakara, mwanaume ambaye hakumpaka yeye mafuta hata siku ile alipoteguka mgongo akiinua gunia la mpunga.

"Raifo moja, shotigani mbili, gobore moja," alikuwa akiwahesabia majirani kwa vidole. "Na mimi wa tano. Shehe akijua, sijui nani kati yetu ataachwa."

"Ataachwa mpiga kelele," Abdul hujibu kutoka dukani. "Wenzako hao mwaka wa ngapi huu hawajatoa sauti."

Na kweli walikuwa hawajatoa. Abdul alizipenda bunduki zake kama wengine wanavyopenda njiwa au redio za zamani: kuzitazama, kuzifungua, kuzifunga, kusikia ule mlio mdogo wa chuma safi kinapokaa mahali pake. Kila mwaka alizifunga kwenye turubai, akazipeleka polisi kukaguliwa, akarudi nazo kabatini. Kuwinda hakuwinda. Raifo, iliyokuwa nzuri kuliko zote, iliwahi kulenga papai moja juu ya kichuguu, siku alipoipata, na hata hilo papai lilikuwa limeshaanza kuoza.

Mapenzi hayo hayakuanza hewani. Abdul aliingia bonde hili kutoka Kisarawe akiwa kijana asiye na hata ndala, akapata kibarua cha kuwabebea mizigo wawindaji waliokuja na magari yao makubwa. Alibeba bunduki za watu kwenye tope na kwenye matete, akiambiwa azishike kwa mkanda tu, asije akazitia jasho. Siku moja alishika mti wa bunduki kwa kiganja, kwa tamaa tu ya kujua ulivyo laini, akafukuzwa kazi palepale, akarudi mjini kwa miguu. Baada ya hapo mafuriko yalimchukulia mpunga, mshirika akamchukulia duka la kwanza, malaria nusura imchukue mwenyewe. Aliposimama tena, kitu cha kwanza alichojinunulia kwa raha ya roho yake, kwa kibali na muhuri, kilikuwa shotigani. Aliishika kwa viganja vyote viwili mpaka kukawa jioni.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepigiwa simu na binti yake Firdausi, kutoka Mlimba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mjukuu wangu hajambo humo ndani?"

"Anapiga mateke. Baba, naja Jumamosi, kama tulivyosema. Nitajifungulia hapo na arobaini nitakaa hapo kwa mama. Lakini lile kabati limetoka?"

Abdul alikohoa. Nadhira, aliyekuwa akipepeta mchele, akaacha kupepeta ili asikie vizuri.

"Kabati lina makufuli mawili, mwanangu. Hata jini haingii."

"Baba, mimi nilikuwa nalala ukuta mmoja na hizo bunduki, kila nikigeuka naota zinanitazama. Sitamlaza mtoto hapo. Zitoke zote. Zisipotoka, nitazalia hukuhuku kwa mama mkwe."

Ungo ulimponyoka Nadhira. Uzazi wa kwanza, binti wa pekee, akandwe maji ya moto na mikono ya mwanamke mwingine! Alimtazama tu mumewe, na Abdul akajua kwamba akikosea hapo, huyo mke wa tano ndiye atakayelipuka.

"Nitauza moja," alisema simu ilipokatika. "Au mbili. Zile zisizotumika."

"Inayotumika ni ipi?" Nadhira akauliza kwa upole mkubwa.

Abdul alichukua funguo za kabati, akaenda uani.

Mnunuzi hakuwa wa kutafutwa. Mashimba, mfugaji wa Kisukuma wa upande wa Mngeta, alikuwa ameitamani raifo ile tangu alipoiona polisi siku ya ukaguzi. Yeye na ndugu zake watatu walikuwa na vibali mkononi, fisi wanawasumbua kwenye mazizi, na bunduki hawajapata. Kisha alikuwa mtani. Abdul ni Mzaramo, na Wazaramo na Wasukuma wanataniana tangu enzi za misafara; mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukalazimika kucheka. Abdul na Mashimba waliutumia uhuru huo bila huruma.

Jumatano mchana Mashimba alifika na kofia yake pana na fimbo yake ndefu.

"Mwadila, mtumwa wangu!" alimsalimia kwa Kisukuma.

"Salama, mchunga inzi. Ng'ombe umewaacha na nani, au ndio wanakuchunga wewe?"

Abdul alifungua makufuli. Mashimba alichungulia kabatini, na utani ukamtoka. Zilikuwa zinang'aa. Abdul akatoa raifo, akaifungua kuonyesha kwamba haina kitu, akampa. Mashimba aliipima mkononi kama mtu anayepima mtoto wa mwenzake.

"Nzuri," alisema. Kisha utani ukamrudia. Aliinua sauti ili Nadhira asikie, na Digna, jirani muuza vitumbua aliyekuwa amekuja kuomba moto, naye asikie. "Nzuri mno kwa Mzaramo. Hii imewahi kuua nini? Mende?"

Digna akacheka mpaka kaa la moto likamtoka kwenye kopo.

Hapo ndipo Abdul alipoponzwa na mdomo wake. Angeweza kusema papai. Lakini raifo ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, tayari inaanza kuwa ya mtu mwingine, na roho ilimuuma akataka iondoke na heshima.

"Simba," alisema.

"Nani?"

"Simba. Mngeta hukohuko kwenu, kabla hamjaja. Dume. Alikuwa ametoka kwenye matete pembeni ya mpunga, nami nimelala kifudifudi kwenye jaruba, maji yananifika hapa. Akaniangalia. Nikamwangalia. Nikasema, bwana mkubwa, mmoja wetu leo hali chakula cha jioni. Risasi moja. Jicho la kushoto."

Kadiri alivyosema ndivyo simba alivyonenepa. Alipomaliza, yule mnyama alikuwa na manyoya hadi magotini na mwenyewe Abdul alihisi baridi ya yale maji ya jaruba tumboni.

Mashimba alivua kofia. Akairudisha raifo kwa mikono miwili.

"Basi hii siwezi kuichukua leo."

"Kwa nini?"

"Bunduki ya simba hainunuliwi kama jembe, mtani. Kwetu mwenye kuua simba anachezewa ngoma. Anapewa zawadi na watu wenye mifugo, maana amewaokoa. Naye anaonyesha mbele ya watu, hatua kwa hatua, alivyomuua. Ndipo silaha inahama nyumba. Nikiipeleka nyumbani bila hivyo, baba yangu mdogo atanifukuza nayo." Akavaa kofia. "Jumamosi tunakuja. Sote wanne tutachukua zote nne, usihofu. Lakini ngoma kwanza."

"Mashimba, hakuna haja ya... ilikuwa zamani sana..."

"Unyenyekevu huo ndio wa mashujaa," Mashimba alisema, akaondoka haraka, huku amejifunika mdomo kwa kiganja.

Ifakara ni mji wa baiskeli, na habari huko hupanda baiskeli. Kufika Alhamisi asubuhi, wateja waliokuja kununua misumari walimpa mkono kwanza. Digna aliuliza kama yalibaki mafuta ya simba kidogo, mumewe ana baridi yabisi. Mzee mmoja msikitini alimwambia kwa sauti ya chini kwamba shujaa kama yeye, watu wa wanyamapori wakisikia, watapenda kujua simba huyo aliuawa kwa kibali gani. Abdul alikosea rakaa.

Usiku alijigeuza kitandani kama chapati. Njia ya kutokea ilikuwepo, na ilikuwa rahisi: ampigie Mashimba simu, aseme ameghairi, hauzi. Hakuna mauzo, hakuna ngoma, hakuna aibu. Bunduki zinabaki zimesimama, yeye anabaki shujaa. Lakini hakuna mauzo maana yake hakuna Firdausi. Mjukuu atazaliwa Mlimba na babu ataonyeshwa picha kwenye simu. Akiendelea na mauzo, basi ama apokee zawadi za watu kwa simba asiyekuwepo, ama asimame mbele ya Kibaoni nzima aseme mimi ni mwongo.

"Mbona hulali?" Nadhira aliuliza gizani.

"Najiuliza kama bei ya mabati..."

"Lala, baba simba," alisema, na kitanda kikatikisika kidogo. Abdul alidhani anakohoa.

Ijumaa alishika simu mara kadhaa, akaandika namba ya Mashimba, akaifuta. Mara ya mwisho aliipiga kabisa. Ikaita. Alipopokelewa alisikia ngoma zikijaribiwa upande wa pili na watoto wakipiga vigelegele.

"Mtani! Unasemaje?"

"Nauliza tu," Abdul alisema, "mtakuja wangapi, ili mke wangu ajue wali."

"Pika wa kutosha!"

Akakata simu, akaketi juu ya mabati yake. Hata yeye alishangaa alivyosema. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kupiga mdundo ule juu ya bati. Tangu lini watu wamewahi kuja kumpigia yeye ngoma?

Jumamosi walizisikia ngoma kabla hawajawaona watu. Kwanza mngurumo wa mbali, upande wa njia ya Mlimba, kisha njuga, kisha vumbi, kisha wachezaji wamejaa barabara nzima mabega yakiruka, na mbele yao Mashimba akitembea kwa maringo kama anaongoza harusi ya mfalme. Bodaboda zilisimama. Wenye maduka walitoka na kalamu masikioni. Watoto walipanda juu ya milundo ya kokoto ya Abdul na kuikanyagakanyaga yote. Na mwisho wa msafara alikokotwa mtamba mweupe mwenye utepe mwekundu shingoni.

"Zawadi ya shujaa," Mashimba alitangaza. Akamtia Abdul kamba mkononi. Mtamba akamlamba kiwiko.

Abdul alijaribu kurudisha kamba. Haikupokelewa.

"Bunduki zinabaki kabatini," Mashimba akaendelea, kwa umati sasa. "Sisi ni watu wa sheria. Shujaa atatumia hii." Akamkabidhi mchi wa kutwangia. Mchi wa Nadhira. Abdul aliutambua, lakini hakupata nafasi ya kujiuliza umetokaje jikoni. "Na simba ni huyu."

Akatoka Merina, mke wa Mashimba, mwanamke wa mwili hasa, amejifunika ngozi ya ng'ombe, manyoya ya katani yamemzunguka uso. Akanguruma. Mtoto mmoja akaanguka kutoka kwenye kokoto.

"Onyesha!" umati ukaitikia. "Onyesha! Onyesha!"

Mtu anapopigiwa ngoma na watu wote hao, miguu haimwombi ruhusa. Abdul alijikuta ameshaanza. Alinyatia, mchi begani. Alilala kifudifudi palipokuwa na tope la maji ya bomba, suruali nyeupe na yote. Merina alizunguka, akapiga makucha ardhini, akaruka. Watu wakapiga yowe. Abdul akabingirika. Loo, ilikuwa tamu! Kwa kitambo kidogo alikuwa pale kweli, matete yale, mpunga ule, na kijana asiye na ndala alikuwa ameshika bunduki kwa viganja vyote viwili na hakuna aliyemwambia kitu.

Ndipo bajaji iliposimama pembeni ya umati.

Firdausi alikuwa ameketi nyuma, mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine umeshika begi. Aliteremsha mguu mmoja. Alimwona baba yake amelala kifudifudi kwenye tope, mchi umeelekezwa kwa mwanamke aliyevaa ngozi, na ng'ombe mwenye utepe anatafuna turubai la duka. Ule mguu ukabaki hapohapo, mmoja chini, mmoja ndani.

"Baba," alisema. Ngoma zilikuwa zimepungua, kila mtu akasikia. "Zimetoka?"

Abdul aliinuka. Tope lilikuwa linamchuruzika kidevuni. Alimtazama mtamba, mnyama wa watu waliotoka mbali, wanaomheshimu kwa kitu ambacho hakufanya. Akamtazama binti yake. Akautupa mchi.

"Sijaua simba!" alipiga kelele. "Jamani, sijaua simba! Sijaua hata sungura! Ile raifo imeua papai, nalo lilikuwa bovu. Mchukueni ng'ombe wenu. Mimi ni mwongo, basi, mwongo mwenye duka!"

Halafu Mashimba alikaa chini. Alikaa chini barabarani, kofia pembeni, akaanza kucheka bila sauti, machozi yakimtoka, akipiga ardhi kwa kiganja. Merina akavua kichwa cha katani, uso umemwiva kwa joto, naye akacheka. Kisha ngoma zote, njuga zote, Kibaoni yote.

"Tulijua!" Mashimba aliweza kusema mwishowe. "Tangu Jumatano jioni tulijua kwa hakika! Tena tulisema tukuone utafika wapi. Ulikuwa unakwenda vizuri, mtani, ungefika mpaka mwisho!"

"Nani aliwaambia?"

Wote waligeuka kumtazama Nadhira, aliyekuwa mlangoni amejitanda khanga mpaka puani, mabega yakimcheza.

"Mke wa tano ana simu," Nadhira alisema.

Abdul alisimama katikati yao, ameloa tope, hajui kama alie au acheke, na kicheko kikamwahi.

"Sasa sikia," Mashimba alisema akiinuka na kujikung'uta. "Utani umekwisha. Raifo iliyopiga papai moja ndiyo tunayoitaka. Ya simba ingekuwa imechoka. Hizo zote umezitunza kama mayai, na sisi tuna fisi wa kweli. Unauza au huuzi?"

Swali lilirudi pale pale lilipokuwa tangu mwanzo, ila sasa halikuwa na pa kujificha. Abdul alifikiria shotigani ile ya kwanza, ule mti wake ulioingia kiganjani kama mkono wa mtu. Moja tu. Ingekaa dukani, mbali na mtoto. Alifungua mdomo kuomba hiyo moja, na macho yake yakaangukia mguu wa Firdausi, ule wa ndani ya bajaji, umevimba kwa safari, kiatu kimelegezwa kamba. Alikuwa hajautoa. Hakumhimiza baba yake, hakununa. Alisubiri tu.

"Shuka, mwanangu," Abdul alisema. "Zinakwenda zote. Zinakwenda sasa hivi."

Nadhira alipiga kigelegele kilichowanyamazisha wale wanawake wote wa Mngeta.

Mambo yalikwenda mbio. Hilari wa jirani alitoa pikapu yake, bunduki zikafungwa kwenye turubai kama kila mwaka, Abdul akaketi nazo nyuma, na gari likaenda polisi polepole, ngoma nyuma yake. Afande wa silaha alitoka kutazama kelele, akahesabu bunduki nne, vibali vinne, na mwenye duka mmoja aliyejaa tope, akaamua kutouliza. Zingebaki ghalani kwake mpaka majina yabadilishwe. Abdul alizikabidhi moja moja. Ile shotigani ya kwanza aliishika kidogo zaidi ya nyingine, akaiachia. Alitoka nje mikono mitupu, akaona ni myepesi mno, akaizungusha hewani kama mtu anayejaribu shati jipya. Mashimba akaidaka, akamvuta ngomani.

Aliporudi nyumbani, mtamba alikuwa bado amefungwa kwenye nguzo. Mashimba alikataa katakata kumchukua: zawadi ya mtani hairudi, na Wazaramo nao wafundishwe kuchunga. Chumba cha uani kilikuwa kimefagiliwa, dirisha wazi, Firdausi amelala kwa ubavu kitandani, mama yake akimkanda miguu. Alipomwona baba yake mlangoni akajiinua kwa kiwiko.

"Baba, mimi nilichelewa. Nilikuta umeshalala kwenye tope. Ilianzaje?"

"Mwanangu, nimechoka."

"Ilianzaje, baba? Simba alikuwa mmoja tu?"

Abdul alitazama nguo zake. Tope lilikuwa limeshakauka; zaidi ya hapo zisingechafuka. Akapiga magoti sakafuni, akalala kifudifudi, akatoa kidole kama mtutu.

"Wawili," alisema. "Dume nilimmaliza. Yule wa pili alikuwa jike, mjamzito, mkali kuliko mumewe. Huyo sikumweza. Huyo nilimwachia chumba."